Kurefusha Njia ya Baiskeli Kando ya Reli ya Zamani Moshi: Mwongozo Kamili wa Kupata Ridhaa ya Wananchi

Ukisimama kwenye kivuko cha reli upande wa chini wa mji wa Moshi saa 12 asubuhi, utaona jambo ambalo ramani za ofisini hazilionyeshi. Pembeni ya tuta la reli kuna kinjia kilichokanyagwa hadi kikawa kigumu kama sakafu, na juu yake wanapita watu waliofunga majani ya ng'ombe kwenye keria kwa mpira wa tyubu, mzigo mpana kiasi kwamba ukiutazama kwa nyuma humwoni mwendeshaji, wakitoka tambarare kuelekea migombani kwa wafugaji wa ndani. Wanafuatwa na wanafunzi, mafundi wenye ndoo za vifaa, na akina mama wanaowahi sokoni. Njia ipo tayari. Kinachokosekana ni upana, mtaro, kutambuliwa kisheria na mwendelezo, kwa sababu baada ya mita mia kadhaa kinjia hicho huishia korongoni, kwenye uzio wa mtu, au barabarani katikati ya malori.

Mwongozo huu ni wa kamati ya mtaa, kikundi cha waendesha baiskeli au hata mwananchi mmoja mwenye nia, anayetaka kinjia cha namna hiyo kiboreshwe na kirefushwe kihalali. Hautafundisha kumwaga zege. Unahusu kazi inayotangulia zege, ambayo ndiyo ngumu zaidi: kupata ridhaa ya watu na kuiweka katika maandishi ambayo ofisi haitakuwa na sababu ya kuyarudisha.

Kwanza, jua kama reli yako imekufa au imelala

Reli ya kutoka Tanga ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, kisha Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Kipande kinachotoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe kilitandikwa na jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Treni zilipokuja kusimama, nyasi zilifunika mataruma, watu wakalima mahindi hadi ukingoni mwa kokoto, na watoto wakakua wakidhani reli ni hadithi ya babu zao. Mwaka 2019 treni ya mizigo ikarudi Moshi, Desemba ya mwaka huohuo ikafuata ya abiria kutoka Dar es Salaam, na mwaka 2020 huduma ikafika tena Arusha. Aliyekuwa ameihesabu reli hiyo kuwa imekufa alishtuliwa na honi.

Kwa hiyo maneno "reli ya zamani" yanaweza kumaanisha mambo matatu, na kila moja lina ombi lake. Kuna njia kuu ya Moshi hadi Arusha, ambayo ni ya zamani kwa umri lakini ina treni. Kuna vipande kama cha Kahe hadi Taveta, ambavyo vimekaa miaka mingi bila treni lakini havijaacha kuwa mali ya reli. Na kuna njia za pembeni zilizokuwa zikiingia kwenye maghala na viwanda, ambazo baadhi yake zimebaki na vyuma viwili tu vinavyochungulia kwenye udongo. Kabla ya kuitisha kikao chochote, andika kwa sentensi moja ni ipi kati ya hizo unayoizungumzia, maana nimeona watu wakibishana jioni nzima kumbe kila mmoja ana reli yake kichwani.

Ushauri wangu, kwa hali zote tatu, ni huu: usiombe reli, omba ukingo wa reli. Wenzetu wa nchi nyingine wanaojivunia njia za baiskeli juu ya reli za zamani walianza pale ambapo reli ilikuwa imefungwa rasmi na vyuma vyake kung'olewa. Njia ya Bristol hadi Bath nchini Uingereza, yenye urefu wa kilomita 21 hivi, ilijengwa kwa awamu kati ya mwaka 1979 na 1986, na watu wa kujitolea walifanya sehemu kubwa ya kazi ya mwanzo. Ukimpelekea ofisa wa reli picha zake, atakuuliza swali moja tu: treni yao iko wapi? Picha ya kumpelekea ni ya eneo la Bitton, kwenye njia hiyohiyo, ambako treni za mvuke za wapenzi wa reli hupita sambamba na waendesha baiskeli, kila mmoja upande wake na uzio katikati. Hapo ndipo mfano unapofanana na Moshi. Marekani nao, tangu mwaka 1983, wana utaratibu wa kisheria unaoruhusu ardhi ya reli iliyoachwa kutumika kama njia ya miguu na baiskeli kwa sharti kwamba reli ikihitajika tena inarudishwa. Sisi hatuna sheria kama hiyo, lakini sharti lenyewe unaweza kuliandika kwa hiari katika ombi lako, na litakufungulia mlango kuliko hoja kumi za afya na mazingira.

Mwenye ardhi hiyo ni Shirika la Reli Tanzania, lililoundwa upya kwa Sheria ya Reli ya mwaka 2017. Hifadhi ya reli huhesabiwa kutoka katikati ya reli: mita 15 kila upande maeneo ya mjini, na mita 30 nje ya miji. Njia ya baiskeli ya kupishana vizuri inahitaji mita 3. Ukiiweka kwenye ukingo wa nje kabisa wa hifadhi ya mjini, kutoka njia hiyo hadi katikati ya reli panabaki mita 12. Namba hizo tatu za mjini, yaani 15, 3 na 12, zichukue kila unakokwenda. Hata hivyo, usipime mwenyewe ukatangaza mpaka. Mpaka unathibitishwa na wapimaji wa shirika na mawe yao, na kazi yako ni kuomba wathibitishe.

Tembea njia nzima, mara mbili

Mara ya kwanza itembee wakati wa kiangazi na mara ya pili siku moja baada ya mvua kubwa. Msiende watu wa kamati peke yenu. Chukueni mzee aliyewahi kufanya kazi ya reli, kwa sababu ndiye anayejua kila kalvati lilipofukiwa. Mwanafunzi wa kike anayeendesha baiskeli kwenda shule, kwa sababu ndiye anayejua kichaka anachokiogopa saa 1 jioni. Na mtu anayetumia kiti cha magurudumu au baiskeli ya matairi matatu, kwa sababu ataona kizingiti cha sentimita 10 ambacho ninyi mtakiruka bila hata kukijua. Mwenyekiti wa mtaa awepo tangu siku hiyo, asije akaletewa jambo likiwa limeiva.

Andika kila kinachokatiza: makorongo, mabomba ya maji, nguzo za umeme, vivuko, mazao, vibanda, mahali ambapo udongo mweusi wa mfinyanzi unageuka gundi. Faida ya kufuata reli utaiona kwa miguu yako mwenyewe. Treni haipendi mlima, na wahandisi wa zamani waliilaza reli kwenye mteremko mdogo kuliko barabara zetu, ndiyo maana mtu mwenye gunia kwenye keria huchagua kinjia cha reli hata kama kinamzungusha.

Pahali pa kutumia muda mwingi ni kwenye madaraja. Mito inayoshuka kutoka mlimani, kama Karanga na Weruweru, inavukwa na reli kwa madaraja yaliyojengwa kwa ajili ya treni pekee, na hakuna mamlaka yenye akili timamu itakayoruhusu baiskeli zipite juu yake. Mipango mingi hufia hapo, kwa sababu waombaji huchora mstari ulionyooka hadi ng'ambo na kuliacha daraja liwe shida ya mtu mwingine. Amua mapema: ama njia itaacha reli, itafuata barabara ya mtaa hadi daraja la magari na kurudi, ama itahitaji kivuko chake chepesi cha miguu. Ukichagua kivuko, kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto, hivyo ofisa mazingira wa halmashauri anaingia kwenye orodha ya watu wa kuonana nao. Kwa maoni yangu, awamu ya kwanza iishie kabla ya mto. Kipande cha kilomita 2 kinachotumika kina nguvu ya kushawishi kuliko mchoro wa kilomita 20.

Hesabu watu kabla hujasema "wananchi wanahitaji"

Chagua vivuko viwili, weka watu wawili kila kimoja, na hesabuni siku tatu: siku ya kawaida ya kazi, siku ya gulio na Jumapili. Saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 10 hadi saa 1 jioni zinatosha. Karatasi iwe na safu za watembea kwa miguu, baiskeli tupu, baiskeli zenye mzigo, mikokoteni, bodaboda, wanafunzi na watu wenye ulemavu. Mtu mmoja anapiga mistari minne na wa tano kukatiza, mwenzake anaangalia upande wa pili. Hakuna ufundi zaidi ya huo, lakini mkiwa na karatasi hizo, zenye tarehe, mahali na majina ya waliohesabu, mazungumzo na mhandisi yanabadilika, kwa sababu sasa mnaongea lugha yake.

Safu ya bodaboda ndiyo itakayoleta mjadala. Wengi hufikiri kwamba nguzo za zege mwanzoni mwa njia zitazuia pikipiki, lakini nafasi inayopitisha kiti cha magurudumu na baiskeli yenye madumu mawili ya maziwa inapitisha pikipiki vilevile. Kinachozuia bodaboda ni makubaliano na kijiwe chao. Nendeni kijiweni, mkae kwenye benchi lao, muwaulize wao hupita hapo kwa sababu gani. Mara nyingi jibu ni shimo moja barabarani wanalolikwepa, na shimo hilo likizibwa hawana tena haja na njia yenu.

Anza na wenye hofu, siyo wenye furaha

Kosa letu kubwa lilikuwa hapa, na sina sababu ya kulificha. Tulikwenda kwenye mkutano wetu wa kwanza na mchoro mzuri wenye mstari mwekundu, tukaubandika ukutani, tukaanza kueleza faida. Hatujafika dakika ya tano, mama mmoja mwenye bustani ya mchicha kando ya reli akainuka. "Wanangu, huo mstari mwekundu umepita wapi kwangu?" Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekwenda bustanini kwake. Kuanzia hapo mkutano ukawa wake, na alistahili. Wiki iliyofuata tulikwenda watatu, tukavua viatu kwenye matuta, tukanyoosha futi kamba mbele yake, na ikaonekana kwamba njia ikisogea mita 2 upande wa mtaro, tuta lake moja tu ndilo linaloguswa. Huyo mama baadaye ndiye aliyetuitia majirani.

Wanaolima au kufanya biashara ndani ya hifadhi ya reli wanaishi na hofu ya alama ya X ya bomoabomoa, na wewe ukija na futi kamba unafanana sana na mtu wa X. Kwa hiyo waone mmoja mmoja kabla ya mkutano wowote, nyumbani kwao au shambani, na uwe na mtu wanayemfahamu. Waambie ukweli kwamba ardhi ni ya reli na kwamba wewe huna mamlaka ya kuwahakikishia kubaki. Usiahidi fidia hata kidogo, maana huna uwezo wa kuitoa. Na jambo ambalo wengi hulisahau: orodha ya wakulima mliyoiandika kwa nia njema inaweza kesho kutumika kuwaondoa. Andikeni ukubwa wa eneo na aina ya zao, majina yabaki kwa mwenyekiti wa mtaa mpaka wenyewe watakaporidhia yatoke.

Wazazi watauliza kuhusu treni. Msiwajibu kwa mzaha. Treni yenye mzigo haiwezi kusimama ghafla kama gari, na dereva akimwona mtoto mbele yake huwa amekwisha kuchelewa. Ombi lenu liwe na uzio au ua wa mimea iliyoshonana upande wa reli, na sehemu za kuvuka ziwe zile rasmi zilizopo, bila kuongeza mpya. Wanawake watauliza kuhusu giza. Kufyeka vichaka upana wa mita 2 kila upande husaidia mapema kuliko taa, ambazo zitasubiri bajeti.

Mkutano wa mtaa na muhtasari wake

Makofi hayafunguliwi jalada. Kinachofunguliwa jalada ni muhtasari wa mkutano uliosainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, ukiambatanishwa na orodha ya mahudhurio. Mkutano ukiwa mzuri kiasi gani, muhtasari ukisema tu "wananchi walifurahia mradi wa baiskeli", mmepoteza jioni. Sisi tuliwahi kupeleka kwenye ofisi moja karatasi za daftari zenye saini nyingi ajabu, zisizo na tarehe wala jina la mtaa, na zikarudi siku hiyohiyo. Sikumlaumu aliyezirudisha.

Mwombeni mtendaji aandike azimio lenye maneno ya namna hii: "Mkutano umeridhia kuombwa kwa njia ya watembea kwa miguu na baiskeli yenye upana usiozidi mita 3, kwenye ukingo wa nje wa hifadhi ya reli, kuanzia kivuko cha (jina) hadi (jina), kwa sharti kwamba njia hiyo haitazuia matumizi ya reli sasa wala baadaye, na unaomba mazao yaliyoko shambani yavunwe kabla ya kazi kuanza." Waliopinga nao waandikwe, pamoja na sababu zao. Muhtasari usio na mpinzani hata mmoja huwatia maofisa shaka, na wana haki.

Orodha ya mahudhurio iwe na jina, mtaa na saini. Namba za simu zichukuliwe kwa hiari na kwa karatasi tofauti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu na ninyi pia, hivyo kupiga picha orodha nzima na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp ni kosa ambalo litawagharimu imani ya watu hata kama hakuna atakayewashtaki.

Njia ikipita mitaa mitatu, mnahitaji mihtasari mitatu. Ikitoka Manispaa ya Moshi na kuingia Halmashauri ya Wilaya ya Moshi au ya Hai, mnahitaji pia mkutano mkuu wa kijiji huko, na ofisi ya mkurugenzi wa pili. Hii ni sababu nyingine ya kuanza na kipande kifupi.

Kutoka mtaani jambo linapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti, kisha Baraza la Madiwani. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na vipaumbele vya mitaa na kata huibuliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo jambo linalofika kwa mtendaji wa kata mwezi Machi limekwisha kuukosa mwaka unaofuata. Lengeni muhtasari uwe tayari kufikia Oktoba.

Barua ya kwanza iombe ukaguzi tu

Andikieni Mkurugenzi wa Manispaa, nakala kwa meneja wa TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, na muombe Mkurugenzi awasiliane na Shirika la Reli kwa niaba yenu. Kikundi kinaweza kushawishi, lakini hakiwezi kubeba dhamana ya njia ya umma kando ya treni. Anayesaini makubaliano na shirika anapaswa kuwa halmashauri au wakala. Ambatanisheni muhtasari, hesabu za watu, mchoro wa mkono wenye vipimo na picha sita au saba, siyo arobaini.

Msiombe njia katika barua hiyo. Ombeni ukaguzi wa pamoja wa siku moja, ambapo mhandisi wa halmashauri, mtu wa TARURA, mtu wa reli na mwenyekiti wa mtaa watatembea kile kipande. Ofisa anayeombwa kuidhinisha mradi ana sababu mia za kuchelewa. Anayeombwa kutembea asubuhi moja hana nyingi. Siku ya ukaguzi wapangieni saa 1 asubuhi, majani ya ng'ombe yakiwa bado yanapita.

Jibu likichelewa, fuatilieni kwa namba ya jalada, siyo kwa jina la mtu. Mpaka kibali cha maandishi kitoke, asiguse mtu tuta kwa jembe, hata kusawazisha kidogo. Udongo mkiuondoa chini ya kokoto mnadhoofisha reli, na mtakuwa mmewapa wapinzani wenu hoja ambayo hamtaweza kuijibu.

Kuhusu fedha nitasema machache. Nguvu za wananchi zinafaa kwa kufyeka, kuchimba mitaro na kusambaza moramu. Makalvati na uzio muiachie bajeti ya halmashauri. Kikundi kisajiliwe kupitia ofisa maendeleo ya jamii, kiwe na akaunti yenye watia saini watatu, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna kilichoingia. Mwombeni pia meneja wa TARURA aeleze kwa maandishi kama njia itaingizwa kwenye mtandao wa barabara anaouhudumia, kwa sababu njia isiyo kwenye orodha ya mtu haina mwenyewe siku ya matengenezo.

Kipande kikishafunguliwa, gawaneni kwa mita, kila nyumba kumi zinazopakana na njia zikiwa na kipande chao cha kufyeka na kuzibua mtaro. Zibueni makalvati Februari kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya vuli. Rudieni hesabu ya vivuko vilevile viwili, siku zilezile na saa zilezile, miezi sita baada ya kufungua. Karatasi hizo mpya zikiwekwa kando ya za mwanzo ndizo mtakazopeleka mtaa unaofuata mtakapoomba kipande cha pili.